Leseni Iliyolala

Gundi ilikuwa bado mbichi Kufuli alipolikuta tangazo mlangoni. Watu wa leseni walikuwa wamelibandika pale pale marehemu mkewe alipozoea kuandika kwa chaki kwamba baa iko wazi, na hilo peke yake lilimtosha kuwachukia mwaka mzima. Ukuta ulikuwepo. Nguzo ya umeme ilikuwepo. Lakini wakubwa wakitaka kukutemea mate hawatafuti pembeni, wanatafuta uso.

Hilo la Kufuli si jina alilopewa na baba yake. Alipewa na mtaa, tangu mkewe alipozikwa na baa ikafungwa. Kila asubuhi watu walimwona akifungua mlango, akiingia, akijifungia kwa ndani. Humo alifuta kaunta, akafuta chupa za rafuni moja moja na kuirudisha kila moja kwenye duara lake, alama ya kitako chake kwenye mbao, kisha akatoka, akatia kufuli kubwa kama kichwa cha paka, akaenda kwenye karakana yake ya viti. Mteja hakuingia, glasi haikulowa. Miaka ilikuwa inapita hivyo, na mtu akimuuliza atafungua lini, alijibu kwamba mbona anafungua kila siku.

Alisoma tangazo polepole, midomo ikimcheza, maana shule yake iliishia darasa la nne. Lilisema kwamba leseni ya kuuza vileo ya jengo hili haijatumika kwa muda mrefu kuliko sheria inavyoruhusu, kwa hiyo inahesabiwa kuwa imelala. Mwenye nayo asipoonyesha biashara inayofanya kazi kabla ya mwisho wa mwezi, itafutwa, na hatapewa nyingine mtaa huu kwa sababu mtaa umeshajaa na wapo wanaongoja nafasi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza chake, shemeji yake aliacha kukanyaga cherehani. Alikuwa mdogo wa kike wa marehemu, fundi wa nguo, mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Shemeji, huo mlango umekukosea nini? Unautazama kama mtu anayekudai mahari."

Kufuli hakucheka. Alimwambia aje ajionee, wamekuja kumzika dada yake mara ya pili.

Shemeji alivuka, akasoma kwa pumzi moja, akatikisa kichwa. "Imelala? Basi imemwiga mwenyewe."

Kufuli akasema yeye ada hajawahi kuikosa. Kila mwaka anapeleka, kila mwaka wanapokea, tena wanapokea kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kumwambia kwamba kitu anachokilipia kinakoroma. Hospitali yao ilikuwa na geti jipya na bendera mpya siku mkewe alipokosa damu akafa, na sasa ofisi yao ina macho ya kuona baa iliyofungwa lakini haina mdomo wa kumwonya mwenye baa. Ndivyo walivyo, akasema. Ukiwahitaji hawapo, usipowahitaji wanakuja na gundi.

"Sawa," alisema shemeji. "Ukishamaliza kuwatukana, utafanya nini?"

"Nitaenda. Na watanisikiliza."

Alikwenda asubuhi ya pili yake, shati limenyooshwa. Ofisi ya leseni ilikuwa na benchi moja refu, feni isiyozunguka, na dirisha la kioo lenye tundu chini, dogo, kiasi kwamba mtu lazima ainame ndipo asikike. Kufuli alikataa kuinama. Alisimama wima na kupaza sauti hadi afisa mwenyewe akatoka nje, kijana nadhifu mwenye mkoba wa ngozi, akamwamkia shikamoo na kumwomba wakae benchini.

Benchi lile Kufuli alilijua. Alipokuwa akiomba leseni hii, mkewe alikuwa akija hapa kila siku na kitambaa chake cha kushona maua, anakaa, anashona, anawasalimia wote kwa upole, hadi benchi likamzoea na makarani wakachoka kumwona. Walimpa leseni ili wapate pa kukaa. Hadithi hiyo mwenyewe aliisimulia huku akicheka, na kila alipoisimulia kitambaa kiliongezeka urefu.

Afisa alieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Ada ni ya ruhusa, alisema, na ruhusa isiyotumika hulala. Mtaa una kiwango chake cha leseni, na zile zinazolala huziba nafasi za wengine wanaotaka kufanya kazi.

"Mlipokuwa mnapokea pesa yangu ilikuwa macho?" Kufuli aliuliza.

Afisa akatazama viatu vyake. Akakiri kwamba hapo kuna jambo, lakini wanaopokea ada ni dirisha jingine.

"Na hao wengine wanaosubiri nafasi ndio Bwana Ghorofa."

Bwana Ghorofa alikuwa tajiri aliyekuwa akiinua hoteli kwenye kona ya mtaa, ghorofa juu ya ghorofa, na kila mtu alijua kwamba hoteli bila kinywaji ni chumba chenye taulo. Afisa akasema yeye hajamtaja mtu. Kufuli akamjibu kwamba ndiyo, na mwizi wa kuku naye hajawahi kumtaja kuku.

Mzee aliyekuwa akisubiri upande wa pili wa benchi alicheka hadi akakohoa. Afisa naye alitabasamu kidogo, jambo ambalo lilimuudhi Kufuli zaidi, maana alikuwa amekuja kugombana na mtu asiyecheka.

"Basi niambie kwa Kiswahili cha nyumbani," Kufuli akasema. "Ninyi mnaita nini biashara?"

"Mtu aje, aagize, apewe, alipe," afisa akajibu. "Na mimi nione kwa macho yangu. Ni hivyo tu, mzee wangu. Ukinionyesha hilo, leseni yako imeamka."

"Njoo Ijumaa alasiri."

Alilisema kabla hajajua atauza nini. Lakini alitoka pale kifua mbele, na njiani aliwasalimia hata watu asiowapenda.

Ghala la bia lilikuwa nyuma ya soko. Karani wa pale aliingiza namba ya leseni kwenye kompyuta, akangoja, akaigeuza skrini kidogo ili mteja naye aone, ingawa mteja hakuona kitu ila mistari. Imelala, akasema. Mashine haimruhusu kumuuzia mtu mwenye leseni iliyolala. Aende kwanza akaiamshe.

"Wale wanasema niuze ndipo iamke. Wewe unasema iamke ndipo niuze." Kufuli aliegemea kaunta ya karani kwa viwiko vyote viwili. "Basi mniuzie usingizi, maana ndiyo bidhaa mliyonayo."

Karani akasema pole, lakini si yeye aliyeitengeneza mashine. Hakuna hata mmoja aliyetengeneza chochote, Kufuli alijisemea akirudi. Nchi nzima imejitengeneza yenyewe, na wote wamekuta iko hivi.

Alimsimulia shemeji kisa chote akiwa amesimama kibarazani pake, cherehani ikinguruma. Shemeji alishona mshono hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Na zile chupa?" akauliza.

Kufuli alijifanya hakusikia.

"Za rafuni, shemeji. Vinywaji vikali haviozi. Una mzigo mzima umeukalia na unazunguka mji kutafuta kreti."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Rafu ile aliichonga yeye mwenyewe, mbao za mvule, lakini aliyeipanga ni mkewe. Chupa zilikaa kama alivyoziacha jioni ile ya mwisho: ndefu nyuma, fupi mbele, lebo zote zimetazama mlangoni, na katikati moja iliyofunguliwa, iliyobaki nusu, kizibo chake amekisokomeza kwa kiganja chake mwenyewe. Kufuli alikijua kiwango cha ile nusu kuliko alivyojua sura yake kwenye kioo. Kilikuwa kimesimama pale pale mkono wa mkewe ulipokiacha. Kila asubuhi alikitazama, na kila asubuhi hakikuwa kimeshuka, na ndiyo maana aliweza kwenda kazini.

Akasema zile haziuzwi.

"Dada yangu alifungua baa. Hakufungua makumbusho."

"Wewe hukuwa mke wangu."

"Namshukuru Mungu kwa hilo," alisema shemeji, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akarudisha kitambaa chini ya sindano. "Wakiifuta hiyo leseni, Kufuli, utabaki na chupa. Chupa kila mtu anazo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, kama mtaa unavyomwita. Kufuli akavuka barabara bila kuaga.

Alikaa ndani ya baa hadi jua likaacha kuingia dirishani. Alijaribu kuwakasirikia wakubwa, kazi ambayo kwa kawaida haikumshinda, lakini safari hii kila alipowafikia aliwakuta wametangulia kuondoka, amebaki yeye na rafu. Mkewe alikaa benchini kwa ajili ya karatasi ile ya leseni. Siku ilipotoka aliining'iniza ukutani kabla hata ya kununua chupa ya kwanza, akarudi nyuma hatua kadhaa, akaitazama mikono kiunoni. Kwake chupa zilikuwa ni za kwisha. Aliyezigeuza kuwa za kukaa ni mumewe. Na sasa Bwana Ghorofa atakunywa kwa nafasi ile ile aliyoipigania mwanamke na sindano yake, na yeye mumewe atakuwa ndani, anafuta.

"Hapana," akaziambia chupa.

Ijumaa mchana aliloweka tangazo kwa maji ya moto na kulibandua kwa patasi. Akachukua chaki. Mkewe alikuwa na mwandiko wa kupinda kama mkia wa paka. Wake ulikuwa kama viti vyake, miguu minne na kusimama. Aliandika WAZI. Kisha akafungua mlango wote, mabawa mawili, na akalichukua lile kufuli akaliweka kwenye kaunta kuzuia karatasi zisipeperuke.

Shemeji alikuwa ameshapitisha habari mtaani, maana kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alitaka kusimama nyuma ya kaunta. Kufuli akamwambia asimame mlangoni, akaribishe watu, nyuma ya kaunta hapiti mtu.

"Ah, nimepanda cheo. Sasa mimi ni mlinzi."

"Mlinzi hasemi sana."

"Basi umemwajiri asiyefaa."

Walianza kuja. Wa kwanza alikuwa fundi viatu, mteja wa tangu siku baa ilipofunguliwa, mikono imekolea rangi ya kiwi. Akafuatwa na muuza mkaa, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kushtua, kisha wengine wawili watatu waliokuja kwa kiu na wengine waliokuja kuona kama Kufuli kweli amefunguka. Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Kila mmoja alikwenda kwenye kabati, akachukua glasi yake, akaipindua, akaiweka kaunta kwenye mstari. Ulikuwa ndio utaratibu wa nyumba ile. Marehemu hakuhudumia watu, alihudumia glasi, kuanzia kushoto. Uwe mkubwa wa nani, glasi yako ikiwa ya tano wewe ni wa tano. Kwa hiyo mtaa ulimwita Mama Zamu, na wapo mabwana wazito waliohama baa hiyo kwa sababu hawakuweza kukaa nyuma ya muuza mkaa.

Afisa wa leseni aliingia na mkoba wake, akasalimia, akasimama pembeni. Akatoa kalamu. Waliokuwa wameegemea kaunta wakanyooka, kama darasa mkaguzi akiingia.

Kufuli alifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa amejipanga. Usiku kucha alikuwa ameziteua chupa ambazo angeweza kuachana nazo, zile za nyuma, ndefu, zilizofungwa bado. Akaja mbele ya glasi ya kwanza.

"Karibu. Nikupe nini?"

"Ile yangu," alisema fundi viatu.

"Ipi?"

Fundi viatu hakuinua kidole. Alinyoosha kidevu tu kuelekea katikati ya rafu, kwenye ile nusu.

Kufuli alisema ile hapana, achague nyingine. Akasema imekaa sana. Akataka kusema imeharibika, na uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi.

"Haiharibiki hiyo," fundi viatu akasema kwa upole. "Jioni ile ya mwisho mimi ndiye niliyekunywa. Mkeo alinimiminia, akaziba, akaniambia inatosha, nusu iliyobaki ni ya kesho, nenda nyumbani kwa mke wako." Akaisogeza glasi yake kidogo, kiasi cha upana wa kidole. "Kesho yenyewe imechelewa. Lakini si imefika?"

Kalamu ya afisa ilikuwa hewani. Kufuli aliiona bila kuitazama. Aje, aagize, apewe, alipe. Mtu alikuwa amekuja. Mtu alikuwa ameagiza, na alichoagiza kilikuwa pale mbele ya macho ya kila mmoja. Mlangoni shemeji alikuwa amekunja mikono kifuani.

Miaka yote ile Kufuli alidhani anakilinda kitu cha mwisho ambacho mkewe alikifanya. Kumbe hakukifanya kiishie pale. Alikuwa ameiacha nusu kwa ajili ya mtu, ameitaja na siku yake.

Alinyoosha mkono akaitoa. Chini yake duara lilikuwa jeusi, mbichi, kama jicho. Kizibo kiligoma, kikalia, kikatoka. Harufu ikapanda ikamchoma puani, na paa halikuanguka. Alichukua kile kikombe kidogo cha kupimia, akajaza hadi ukingoni, asipunguze wala asizidishe, akamimina. Kiwango ndani ya chupa kilishuka. Alikitazama kinavyoshuka hadi kikatulia mahali papya.

Fundi viatu alilipa, akanywa kidogo, akafumba jicho moja.

"Ni yenyewe," akasema.

Muuza mkaa akaachia kile kicheko chake, na baa ikaanza kuongea yote kwa pamoja. Mmoja alidai glasi yake imesukumwa nyuma. Mwingine akasema anayelalamika ndiye aliyesukuma. Kufuli alimhudumia wa pili, wa tatu. Mkono uligundua kwamba kazi hii ni kama kupiga randa, ukianza usisimame. Watu walizidi kuingia. Glasi zilifika ukingo wa kaunta na kuanza kukunja kona.

"Shemeji," aliita bila kugeuka. "Umesimama hapo mlangoni kama nguo isiyo na mnunuzi. Pita huku unioshee glasi."

"Kuosha tu?"

"Anza na kuosha. Dada yako alinianzisha hapo hapo, na hakunipandisha hadi anakufa."

Akapita. Alifunga kanga kiunoni, akaingiza mikono kwenye maji, na kwa muda mrefu akawa anaosha ameinamisha uso, na Kufuli akamwacha.

Afisa akasogea. Akasema ameona, inatosha, hakuna shaka yoyote. Kama mzee angemsainia hapa tu, yeye angeondoka. Akaweka karatasi juu ya kaunta, mbele ya wote, na kalamu juu ya karatasi.

Kufuli aliitazama ile karatasi. Ndiyo aliyoitaka. Akaichukua, akaiweka chini ya kufuli pamoja na nyingine, nayo ingoje zamu yake.

"Glasi yako iko wapi?"

"Samahani?"

"Hapa tunahudumia glasi." Akaonyesha kabati. "Kachukue, upange."

Baa ikasikiliza. Afisa alimtazama, akatazama mstari, akatazama mkoba wake kana kwamba mkoba ungemshauri. Kisha akauweka chini, akaenda kabatini, akachukua glasi, akaipindua, akaiweka mwisho kabisa, nyuma ya muuza mkaa aliyekuwa amerudi kwa duru ya pili.

"Karibu, baba," muuza mkaa akamwambia, akimpisha nafasi ya kiwiko. "Usiogope. Hapa kila mtu anafika."

Afisa alisubiri. Alibadilisha mguu wa kusimamia. Akaulizwa na fundi viatu kama soli ya kiatu chake cha kulia anajua inaachia, naye akakiri anajua. Wakati huo Kufuli aliendelea kutoka kushoto kwenda kulia bila haraka, akimwambia afisa yale aliyokuwa amewawekea wakubwa tangu siku ya gundi, lakini kwa sauti ya mtu mwenye kazi mkononi: kwamba dirisha linalopokea na dirisha linalofuta yawe yanasalimiana angalau asubuhi, kwamba mtu akifiwa aulizwe kabla ya kubandikiwa, na kwamba Bwana Ghorofa akija kuomba nafasi yake aambiwe mtaa umejaa, akae benchini, ashone kitambaa. Afisa alisema atayafikisha. Kufuli hakuamini hata neno moja, ila hakumkatalia.

Ile nusu ilikwisha kabla jua halijazama. Fundi viatu ndiye aliyeimaliza, kama ilivyopaswa. Shemeji aliiosha chupa, akauliza aiweke wapi, na Kufuli akamwonyesha kreti ya chupa tupu kwa kidevu, kisha akaenda rafuni, akavuta moja ya zile ndefu za nyuma, akaivunja mhuri na kuisimamisha juu ya lile duara jeusi. Ilikuwa nene kidogo kuliko ya kwanza. Akaiacha hivyo hivyo.

Alipogeuka, zamu ilikuwa imefika kwenye glasi ya mwisho.

"Haya. Nikupe nini, mwanangu?"

"Maji tu, mzee. Niko kazini."

"Hata mimi," Kufuli alisema, akammiminia hadi juu.